Ukishaujua mwisho: urudie The Twilight Zone au Tales from the Crypt?

Mdogo wangu ana tabia moja ya kuudhi. Ukiweka filamu ambayo ameshaiona, anaisimulia kabla haijafika. "Sasa hivi huyo anakufa, dada. Ngoja. Ngoja… umeona?" Filamu nyingi anaziua hapohapo. Juzi alijaribu uhuni huo kwenye Nightmare at 20,000 Feet, ile sehemu ya The Twilight Zone ya abiria anayeona zimwi kwenye bawa la ndege. "Sasa anavuta pazia," akasema, "na lile zimwi liko dirishani, pua kwa pua naye." Abiria akavuta pazia, zimwi likawa dirishani pua kwa pua naye, na aliyeruka kwenye kochi ni mdogo wangu mwenyewe.

Tangu hapo nazichuja upya diski zangu. Ninazo tamthilia mbili za vitisho za Kimarekani, zile ambazo kila sehemu ni hadithi mpya yenye watu wapya: The Twilight Zone na Tales from the Crypt. Pembeni nina ya tatu, Night Gallery, ambayo nitaigusa kidogo tu. Anayezitazama kwa mara ya kwanza hana haja ya ushauri wangu, ashike yoyote. Mwenye kazi ni yule aliyeshaziona, anataka kurudia, na ana jioni chache. Hadithi hizi zimejengwa juu ya kibao kugeuka dakika ya mwisho. Sasa kibao ukishajua kinageukia wapi, unabaki kutazama nini?

Kwanza tuziweke ubavu kwa ubavu. The Twilight Zone ilianza kuoneshwa na CBS tarehe 2 Oktoba 1959, ikamalizika 1964 ikiwa na sehemu 156, zote nyeusi na nyeupe. Aliyeibuni ni Rod Serling, na katika hizo 156 aliandika 92 kwa mkono wake. Tales from the Crypt ni ya HBO, 1989 hadi 1996, sehemu 93, za rangi, damu tele. Hiyo haikutoka kichwani mwa mtu mmoja. Ilichukua hadithi za vitabu vya katuni vya kampuni ya EC vya miaka ya 1950, na nyuma yake walisimama wakubwa wa Hollywood kama Robert Zemeckis, Walter Hill na Richard Donner. Zote mbili ni za nusu saa hivi kwa sehemu, isipokuwa msimu wa nne wa The Twilight Zone, ambao waliurefusha ukawa wa saa nzima na ukapwaya. Huo uruke bila kujilaumu.

Tofauti kubwa imo kwenye sababu zilizozizaa. Serling alikuwa mwandishi wa tamthilia nzito za televisheni, na alichoshwa na wadhamini wa matangazo. Akiandika habari za ubaguzi wa rangi, wanakata. Mwaka 1956 aliandika mchezo uliotokana na mauaji ya kijana Emmett Till, ukakatwakatwa mpaka haukutambulika. Akajifunza jambo ambalo bibi zetu walilijua kitambo: ukitaka kumsema mfalme, msimulie habari za sungura na fisi. Akapeleka maneno yake kwenye sayari za mbali na vijiji visivyokuwepo, na wadhamini wakaona ni hadithi za watoto. EC nao walikuwa na kesi yao. Mwaka 1954 mchapishaji wao, William Gaines, alisimama mbele ya kamati ndogo ya Seneti ya Marekani kutetea katuni zake za vitisho, na baada ya hapo biashara hiyo ikabanwa ikafa. Miaka 35 baadaye hadithi zilezile zikafufukia kwenye chaneli ya kulipia, ambako hapakuwa na mdhamini wa kumwogopa. Ndiyo maana moja inasema kwa mafumbo na nyingine inasema kwa shoka.

Sasa kwenye kurudia.

Sehemu za The Twilight Zone ninazigawa mafungu mawili, zinazokufa ukishazijua na zinazokua. Zinazokufa zipo, na baadhi ni maarufu mno. To Serve Man ya 1962 nzima imening'inia kwenye neno moja. Wageni kutoka angani wanakuja na kitabu, watu wanafaulu kutafsiri jina lake tu, wanafurahi kwamba wageni wamekuja kumhudumia binadamu. Kumbe ni kitabu cha mapishi: serve ya Kiingereza ni kuhudumia, na pia ni kuandaa chakula mezani. Kwa Kiswahili utani huo unakubali vizuri, kwa sababu kumwandaa mtu ni kumjenga kimaisha, na kuandaa ni kupanga sahani mezani. Lakini ukishaucheka mara moja umekwisha, na dakika ishirini za kuufikia ni ndefu.

Time Enough at Last ya 1959 ningesema iko katikati. Kila mtu anaikumbuka miwani. Karani wa benki anayependa kusoma, amejifungia ndani ya hazina ya benki wakati wa chakula cha mchana, bomu linateketeza mji, anabaki peke yake na maktaba nzima, kisha miwani inamdondoka na kupasuka. Safari ya pili miwani haiumi tena. Kinachouma ni tukio dogo la mwanzoni ambalo nilikuwa nimelisahau kabisa. Mke wake anamwomba amsomee mashairi kutoka kwenye kitabu alichokificha. Uso wa yule bwana unachanua, hajawahi kuombwa hivyo. Anafungua. Kila ukurasa umechorwachorwa kwa wino mpaka hakuna mstari unaosomeka. Burgess Meredith hapo hapigi kelele, anapekua tu kurasa, moja, nyingine, nyingine, kama mtu anayetafuta hela mfukoni huku anajua kwamba zimeshaibiwa. Bomu kwangu lililipuka pale, kabla ya lile la nyuklia.

Katika zinazokua, ya kwanza ni Eye of the Beholder ya Novemba 1960, na hii nitakaa nayo kidogo.

Mwanamke amelala hospitalini, kichwa kizima kimefungwa bandeji. Ametibiwa mara kumi na moja ili sura yake ifanane na ya watu wengine, na hii ni nafasi ya mwisho. Bandeji zinafunguliwa, daktari anarudi nyuma kwa kuvunjika moyo: hakuna mabadiliko. Tunamwona: ni mrembo. Ndipo taa zinawaka na tunawaona madaktari na manesi, wenye pua za nguruwe na midomo iliyopinda. Ukiijua hiyo, unaweza kudhani umemaliza.

Hujamaliza. Rudia ukiwa unatazama mikono. Mwongozaji Douglas Heyes ana karibu dakika ishirini za kuficha nyuso za kila mtu chumbani bila wewe kushtukia kwamba unafichwa. Manesi wanashughulika, unaona mikono tu. Daktari anaongea akiwa kwenye kivuli, au kamera iko nyuma ya bega lake, au mtu anapita mbele wakati barabara. Mara ya kwanza uliona ni mtindo tu wa picha za giza. Mara ya pili unamwona fundi akitembea kwenye waya. Halafu unamsikia daktari. Anamwonea huruma yule mwanamke, huruma ya kweli, anajiuliza mbele ya nesi kwa nini mtu atengwe kwa sababu ya sura, na nesi anamtahadharisha kwamba maneno hayo ni ya hatari. Ukutani kiongozi wa nchi anafoka kwenye televisheni kuhusu watu wote kuwa namna moja. Safari ya kwanza nilimchukulia kama kelele ya nyuma, maana nilikuwa nasubiri bandeji. Sasa ndiye anayenitisha. Jambo lingine la kuchokoza: aliyeigiza ndani ya bandeji ni Maxine Stuart, aliyeigiza baada ya kufunguliwa ni Donna Douglas. Ukijua hilo unaanza kusikiliza sauti kama fundi redio.

Yenyewe hasa, kwa maoni yangu, ni It's a Good Life ya 1961, kwa sababu haina kibao cha kugeuza tangu mwanzo. Serling anakuambia dakika ya kwanza: kuna zimwi katika kijiji hiki, nalo ni mtoto wa miaka sita mwenye macho ya buluu. Anachotaka kinakuwa. Asichokipenda anakipeleka kwenye shamba la mahindi, na hakirudi. Kwa hiyo watu wazima wote wanatabasamu na kumwambia amefanya vyema, hata anapoua. Hakuna siri ya kuvuja, kuna watu tu wanaochunga nyuso zao. Kila nikiirudia namtazama mtu tofauti: safari hii baba, safari ijayo yule shangazi aliyekaa kimya. Mvulana ni Billy Mumy, na sijaona mtoto mwingine wa kwenye televisheni anayeweza kukuangalia hivi bila kukunja hata paji la uso. Mwisho wake theluji inaanza kuanguka, mazao yatakufa, na baba ambaye nusura apandishe sauti anaishusha katikati ya sentensi na kumsifu mtoto kwa theluji nzuri. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi chini ya bosi wa namna ile atalijua lile tabasamu.

The Invaders nayo inakubali marudio, kwa kuwa Agnes Moorehead anaibeba peke yake bila kutamka neno hata moja. Unaangalia mwili unavyochoka. The Monsters Are Due on Maple Street pia. Living Doll, ya mwanasesere anayeongea, nitaisemea mwishoni.

Tuje Tales from the Crypt. Hapa nilidhani nitaidharau, na nilikosea.

Katuni za EC zina sheria moja: mwovu atalipwa, na atalipwa kwa kipimo chake. Unalijua hilo kabla hujabonyeza rimoti. Kwa hiyo mwisho wake hauharibiki kwa kuujua, kwa sababu haukuwa umefichwa, ulikuwa umeahidiwa. Raha iko kwenye njia. Chukua And All Through the House ya 1989, aliyoiongoza Zemeckis. Usiku wa Krismasi mke anamuua mume kwa chuma cha kuchokorea moto. Wakati anaburuta maiti nje, anatokea mwendawazimu aliyetoroka, amevaa nguo za Baba Krismasi, ana shoka. Mama angepiga simu polisi, lakini polisi wakija watamkuta mume uani. Fundo hilo moja linavutwa na kukazwa mpaka mwisho, na mtoto mdogo yuko ghorofani anamsubiri Baba Krismasi. Unajua mlango utafunguliwa na nani. Nimeiona mara nne na bado namwambia yule mtoto asishuke ngazi.

Dig That Cat… He's Real Gone, ya msimu huohuo wa kwanza, ni nzuri zaidi ukirudia kuliko mara ya kwanza. Mtu fukara anapandikizwa tezi ya paka na kupata maisha tisa. Sisi tukimwona mtu mgumu tunasema ana roho ya paka. Huyu anayo kweli, na anaifanyia biashara: anakufa jukwaani mbele ya watu kwa kiingilio. Hadithi nzima ni hesabu. Kafa kwa kuzama, kafa kwa umeme, zimebaki ngapi? Kosa lake liko kwenye hesabu, na ukirudia utaliona limelala mezani tangu mwanzo, mbele ya macho yako, wala hakuna aliyelificha. Mdogo wangu siku hizi anahesabu kwa vidole na bado anafurahi.

Mwongozaji wa hiyo ni Richard Donner. Nani aliongoza Nightmare at 20,000 Feet mwaka 1963? Richard Donner huyohuyo. Nakushauri kwa dhati: ziweke zifuatane usiku mmoja. Ni kipimo safi cha tamthilia hizi mbili, kwa kuwa mkono ni mmoja. Ya 1963 imejifungia ndani ya ndege, kiti kimoja, dirisha moja, na William Shatner kama mtu aliyetoka kutibiwa baada ya akili kumwelemea. Zimwi lenyewe, tuseme ukweli, linafanana na kondoo aliyenyeshewa. Halidumu kwa vitisho vyake. Kinachodumu ni mke, Julia, anavyomjibu mumewe kwa ule upole tunaowapa wagonjwa, upole wa mtu ambaye ameshaacha kukusikiliza. Ya 1989 inazungusha kamera kama bembea ya maonyesho ya sabasaba, mhusika anageuka na kukusemesha wewe mtazamaji, rangi zinapiga kelele. Ya kwanza ukiirudia inakunyima usingizi. Ya pili inakufanya ujipige makofi mapajani.

Hiyo ndiyo sababu sizichanganyi kwa watazamaji. Tales from the Crypt ni ya umati. Ingefaa kibanda umiza, pale ambapo msimulizi angeitia Kiswahili juujuu na watu wakamzomea mwovu. The Twilight Zone ukiitazama na watu sita, mmoja yuko kwenye simu, umeitupa. Hata wenyeji wao wanakuambia hivyo. Serling, ambaye kuanzia msimu wa pili anasimama mwenyewe mbele ya kamera, suti, sigara mkononi, maneno yamepimwa, anakuingiza kama mtu wa mochwari mwenye adabu. Mlinzi wa kaburi wa Tales from the Crypt ni kikaragosi cha mifupa kilichotengenezwa na Kevin Yagher, sauti ya John Kassir, kinacheka kwa mlio wa bawaba zisizo na mafuta na kutoa vichekesho vibovu vya maiti. Wote wawili kazi yao ni ya anayesema "Paukwa!" ili mseme "Pakawa!" Mmoja tu ndiye anayesubiri jibu kwa kelele.

Tahadhari moja ya nyumbani: Tales from the Crypt ina uchi, matusi na viungo vya watu vilivyokatwa. Mama yangu alipita sebuleni wakati wa Cutting Cards, ambapo wacheza kamari wawili wanakatana vidole kimoja kimoja kwa kila aliyeshindwa, akasimama, akasema "Astaghafirullah," akaondoka na chai yake. The Twilight Zone nyingi unaweza kutazama naye. Ninyi wenye watoto mmeshaelewa.

Na kama unadhani Tales from the Crypt ni utani mtupu, tafuta Yellow ya 1991. Vita vya Kwanza vya Dunia, jenerali ni Kirk Douglas, mwanawe wa kweli Eric Douglas anaigiza mwanawe aliyehukumiwa kwa woga. Baba anamwahidi kwamba bunduki za kikosi zitatiwa risasi za bandia, basi asimame kiume tu. Mara ya kwanza unasubiri kuona kama ni kweli. Mara ya pili unaangalia uso wa baba wakati anaahidi, na hapo hakuna anayecheka.

Night Gallery sitaimalizia wino. Ni ya Serling pia, NBC, filamu ya utangulizi 1969 kisha misimu mitatu mpaka 1973, ila safari hii madaraka hayakuwa yake na inaonekana. Ndani ya saa moja wanaweka hadithi nzuri, kisha kichekesho cha dakika mbili kisichochekesha. Chagua vipande: Eyes kutoka kwenye utangulizi, ambako Joan Crawford ni tajiri kipofu anayenunua macho ya saa chache, iliyoongozwa na Steven Spielberg akiwa na miaka 22, na The Caterpillar ya 1972, ya mdudu aliyeingizwa sikioni. Hiyo ya mdudu naikiri: nimeirudia mara moja tu, nikiwa nimeziba sikio la kushoto.

Ukienda kutafuta nakala, angalia miaka. Jina The Twilight Zone limefufuliwa mara tatu kwenye televisheni, 1985, 2002 na 2019, na kuna filamu ya 1983 yenye toleo lake la hadithi ya ndege. Unayoitaka ni ya 1959, na usishtuke ukikuta sehemu sita za msimu wa pili zinaonekana bapa kama mchezo wa jukwaani. Walizirekodi kwenye mikanda ya video kubana matumizi. Moja ya hizo, Long Distance Call, ya mjukuu anayeongea na bibi yake aliyefariki kwa simu ya kuchezea, ubapa huo unaifaa, inafanana na kitu kilichorekodiwa nyumbani kwa mtu. Kwa Tales from the Crypt, kimbia nakala zilizorekodiwa kutoka chaneli za kawaida. Zimekatwa, na Tales from the Crypt iliyokatwa ni pilau isiyo na nyama.

Kwa hiyo, ukiwa peke yako na usiku mrefu, chukua The Twilight Zone, msimu wa kwanza hadi wa tatu, anza na It's a Good Life. Mkiwa wengi, Tales from the Crypt, msimu wa kwanza wote. Una sehemu sita tu, mnaumaliza Jumamosi moja. Msimu wa saba, waliokwenda kuupigia Uingereza, niliurudia mara moja ikanitosha.

Living Doll nimesema nitaisemea. Ni ya Novemba 1963, mwanasesere anamwambia baba wa kambo, kwa sauti tamu ya June Foray, kwamba atamuua. Ukiirudia huna cha kugundua, kila kitu kiko wazi, na inatisha vilevile. Nashauri usiiweke ikiwa ndani ya nyumba kuna mwanasesere. Wa mpwa wangu tumemhamishia kabatini, uso umeelekea ukutani, na kila asubuhi kuna mtu anamkagua ingawa hakuna anayekiri.